Nyonga Ikigoma: Kabla ya Kisu, Ipe Miezi Mitatu

Jumamosi bonanza, Jumapili unachechemea, Jumatatu unapanda ngazi za ofisini umeshikilia ukuta kama babu. Ukiulizwa unajibu, "Nimestuka tu kiuno, kitaachia." Wiki mbili zinapita, hakijaachia. Kuvaa soksi asubuhi ni kazi, unautafuta mguu kama mtu anayeokota sarafu uvunguni. Kuingia kwenye gari dogo ni shughuli nyingine. Na usiku mwenzi wako akikusogelea unageukia ukutani. Humkimbii yeye, ni hiyo nyonga!

Kama haya yanakuhusu, wewe au huyo unayelala naye, hebu kaa tuongee. Watu wengi wanaoumia nyonga michezoni wanaweza kupata nafuu bila kupasuliwa. Ila nafuu hiyo haiji kwa njia tuliyoizoea, ya kulala wiki mbili, kuchuliwa kwa nguvu mpaka machozi yatoke, kumeza diklofenaki, halafu kurudi uwanjani kama hakuna kilichotokea. Inakuja kwa mazoezi maalumu, ya polepole, kwa miezi kama mitatu. Na kuna majeraha machache ambayo hata hayo mazoezi ni hatari kwake. Tutafika huko.

Inauma wapi hasa?

Kiswahili chetu cha mtaani kinatuchanganya kidogo hapa. Mtu akisema "kiuno" anaweza kuwa anamaanisha mgongo wa chini, makalio au ubavu wa paja. Kiungo chenyewe cha nyonga kimejificha ndani zaidi, na kikiwa na hitilafu maumivu yake hujitokeza mara nyingi kwa mbele, kwenye kinena. Madaktari wana ishara moja wanayoitazama: mgonjwa akiulizwa panapouma, anaizungushia nyonga mkono, kidole gumba kikiwa upande wa nyuma na vidole vingine mbele, kama herufi C. Ukijikuta unafanya hivyo, kiungo kinashukiwa. Maumivu yakiwa nje, pale unapolalia ubavu, mara nyingi ni kano za misuli ya makalio. Yakianzia kwenye kalio na kushuka hadi chini ya goti, mgongo nao uchunguzwe.

Halafu kwetu kuna mtego mwingine. Mwanaume akiumwa kinena, mtaani jibu lipo tayari: ngiri. Ataletewa mizizi na chupa ya dawa. Mwanamke akiumwa hapohapo ataambiwa ni chango. Miezi inakatika mtu anakunywa dawa za miti kwa tatizo la kiungo. Ngiri ya kweli ipo, na matatizo ya kizazi yapo, ndiyo maana unahitaji mtu wa kukupima na si jirani wa kukisia.

Raba ya presha kuka

Nyonga ni duara ndani ya kikombe. Duara ni kichwa cha mfupa wa paja, kikombe kiko kwenye mfupa wa kiuno. Ukingo wa kikombe umezungushiwa gegedu linaloitwa labramu, na kazi yake inafanana sana na ile raba ya mfuniko wa presha kuka: inaziba, inabakiza ute ndani, inafanya duara litulie.

Sasa, baadhi ya watu wana kinundu kwenye shingo ya mfupa wa paja, au kikombe chao kimezidi kufunika duara. Wakikunja nyonga sana, mfupa unagonga ukingo, na raba inabanwa. Wataalamu wanaiita hali hii FAI. Kinundu hicho kinaonekana zaidi kwa watu waliocheza sana michezo kama mpira wa miguu walipokuwa wanabalehe, mifupa ikiwa bado inakua. Kwa hiyo wewe uliyekuwa nyota wa shule ya sekondari, huenda ulianza kuitengeneza nyonga yako ya leo ukiwa na miaka 13.

Lakini usiogope picha! Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za watu 45 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya nyonga, wenye wastani wa miaka kama 38. Asilimia 69 ya nyonga zile zilikuwa na labramu iliyochanika. Watu wazima, wanatembea, wanacheza, hawana habari. Ndiyo maana mwaka 2016, wataalamu kutoka nchi mbalimbali waliokutana Warwick, Uingereza, walikubaliana kwamba picha peke yake haitoshi kusema mtu anaumwa FAI. Lazima viwepo vitu vitatu kwa pamoja: dalili, anachokikuta daktari akikupima kwa mikono, na picha. Ukipewa karatasi imeandikwa "labramu imechanika," uliza kwanza kama ndiyo hiyo inayokuuma.

Mastaa wawili, nyonga mbili

Watu wanaobishana kuhusu kupasuliwa au kutopasuliwa wanapenda kutaja mastaa, basi na sisi tuwataje.

Isaiah Thomas ni mchezaji wa kikapu wa Marekani, sentimita kama 175 tu kwenye ligi ya majitu. Msimu wa 2016-17 akiwa na Boston Celtics alifunga wastani wa pointi 28.9 kwa mechi. Nyonga ikamuumiza Machi 2017, akaendelea kucheza nayo, mpaka Mei ikamtoa kwenye mechi za mtoano. Hakupasuliwa, alichagua mazoezi ya tiba. Agosti akapelekwa Cleveland Cavaliers kwa kubadilishana na Kyrie Irving, na nyonga hiyohiyo ikachelewesha dili zima. Tarehe 2 Januari 2018 akarudi uwanjani na pointi 17 ndani ya dakika 19. Mashabiki wakashangilia. Kabla Machi haijaisha alikuwa kwenye meza ya upasuaji, na mwaka 2020 akafanyiwa mwingine mkubwa zaidi.

Andy Murray, yule Mskoti wa tenisi, alichechemea Wimbledon 2017, akapumzika msimu uliobaki akijaribu kupona bila kisu, akaishia kupasuliwa Januari 2018. Mwaka mmoja baadaye alilia mbele ya waandishi wa habari huko Melbourne, akieleza kwamba hata kuvaa viatu na soksi kunamuuma. Mwezi huohuo akawekewa chuma kwenye nyonga mjini London. Oktoba 2019 akachukua ubingwa Antwerp, na alicheza mpaka Olimpiki ya Paris 2024.

Unaweza kusema, "Sasa si umenithibitishia kwamba mazoezi hayafanyi kazi?" Hapana. Hawa kazi yao inadai nyonga ya asilimia mia, usiku kwa usiku, na mkataba unasubiri. Wewe unahitaji nyonga ya bonanza, ya ngazi za ghorofa ya nne na ya kumbeba mtoto begani. Hizo ni hesabu tofauti kabisa. Kinachofaa kuigwa kwao ni kwamba walianza na njia isiyo ya kisu. Kucheza miezi miwili juu ya nyonga inayouma, hapo usiige.

Utafiti unasemaje

Kipimo kizuri zaidi kilitoka Uingereza mwaka 2018. Wagonjwa 348 wa FAI kutoka hospitali 23 waligawanywa kwa kura, nusu wakafanyiwa upasuaji wa tundu dogo, nusu wakapewa mazoezi yaliyopangwa kwa kila mtu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Waliopasuliwa walikuwa mbele kwa pointi kama 7 kwenye kipimo cha pointi 100. Kwa hiyo tuwe wakweli, upasuaji ulishinda, ila haukushinda kwa mbali. Mwaka huohuo Marekani ikatoa wa kwake mdogo, watu 80, wengi wao wanajeshi. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana, ingawa wengi waliopangiwa mazoezi walihamia kwenye upasuaji katikati ya safari, jambo linalofanya matokeo yawe magumu kusoma.

Kwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, mimi nauona ushahidi huo hivi: anza na kile ambacho ukikikosea unaweza kurudi nyuma. Mazoezi ya miezi mitatu yakishindwa, kisu bado kipo. Kisu kikishapita, hakirudishwi.

Dawa yenyewe

Wale Waingereza hawakuambiwa tu "nenda kafanye mazoezi." Walikutana na mtaalamu wa fiziotherapia mara 6 hadi 10 ndani ya wiki 12 mpaka 24, na kila mara mzigo ulibadilishwa kulingana na hali ya mtu. Kwetu wataalamu hawa wapo. KCMC Moshi imewafundisha kwa miaka mingi. Shida ni kwamba tunawaendea mara moja, tunapewa karatasi, karatasi inaishia kwenye droo.

Wiki za mwanzo ni za kuipunguzia nyonga kero, wala si za kulala kitandani. Adui ni kukunja sana. Kochi la chini, kiti cha gari kilichozama, kukaa mkekani miguu imekunjwa, skwati za jimu za kushuka mpaka chini, na ndiyo, choo cha kuchuchumaa! Kama nyumbani mna cha kukaa, tumia hicho kwa sasa. Kazini inua kiti ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na usisubiri mchana ndipo usimame. Kwenye foleni ya saa mbili huna la kufanya zaidi ya kuweka kimto chini ya makalio. Baiskeli, panda kiti juu. Kuogelea, tumia mikono zaidi na uache mtindo wa chura.

Kisha inakuja kazi yenyewe: misuli ya makalio, ya tumbo na ya mapaja ya ndani. Lala chali, magoti juu, nyanyua makalio kama daraja, shikilia, shuka taratibu. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo na uangalie kiuno chako kama kinaporomoka upande mmoja. Kikiporomoka, misuli ya kalio la mguu uliosimamia imelala, na hapo ndipo pa kuifanyia kazi. Baadaye utashuka kutoka kwenye ngazi moja kwa mguu mmoja, polepole, goti likielekea mbele bila kuingia ndani. Ni mazoezi yanayochosha akili kuliko mwili, hayana muziki wala shangwe kama erobiki, na wengi huacha wiki ya nne kwa sababu maumivu yamepungua. Hiyo wiki ya nne ndiyo msuli unaanza tu kuamka.

Maumivu wakati wa zoezi yasikutishe kupita kiasi. Kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi, mawili au matatu yanavumilika, mradi kesho asubuhi umerudi ulipokuwa jana. Ukiamka umezidi, ulipitiliza, punguza, usiache.

Kuhusu kuchuliwa: mkono laini juu ya misuli iliyokaza hauna ubaya. Ila mtu anayekuvuta mguu na kuusokota "ili kiungo kirudi" anaigongesha ileile raba inayolalamika. Mkatalie kwa heshima.

Vidonge na sindano

Ibuprofeni au diklofenaki kwa siku chache inasaidia ulale na uweze kuanza mazoezi. Kwa wenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo, waulize daktari kwanza. Kumeza kimoja kabla ya mechi ili usisikie maumivu ni sawa na kukata waya wa king'ora wakati mwizi yuko ndani.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo, ikipigwa kwa kuongozwa na altrasaundi au eksirei, inaweza kukupa wiki kadhaa za unafuu. Dawa ya ganzi inayochanganywa humo ina faida nyingine: maumivu yakitoweka muda mfupi baada ya sindano, daktari anajua chanzo ni ndani ya kiungo. Lakini kurudiarudia steroidi kunadhoofisha gegedu. Itumie kama dirisha la kuanzia mazoezi, usiifanye mazoea.

Hapa usijaribu mazoezi

Wadada wa marathoni, mliojiandikisha kwenda Moshi Februari, hii ni yenu. Ukiumwa kinena kila unapokanyaga, maumivu yanazidi ukiruka kwa mguu mmoja, yanakufuata hadi usiku, na umeongeza kilometa haraka huku unakula kama ndege ili upungue, simama. Kama na siku zako zimepotea, simama leoleo. Huenda shingo ya mfupa wa paja ina ufa. Eksirei ya mwanzo inaweza isiuone, MRI huuona. Ufa ukiwa upande wa chini wa shingo ya mfupa na ni mdogo, mara nyingi hupona bila kisu, kwa magongo na wiki kadhaa za kutokanyagia, pamoja na kula vizuri. Ukiwa upande wa juu, kwa kawaida unafungwa kwa skrubu kabla mfupa haujakatika kabisa. Huyu ndiye mgonjwa ambaye kwake kupumzika ni dawa na mazoezi ni sumu.

Kundi la pili ni wale ambao damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa, mpaka mfupa unakufa. Wenye selimundu wako kwenye hatari hii, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Wamo pia wanaokunywa pombe kupita kiasi, na wanaomeza vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, iwe kwa ugonjwa au kwa kutaka kunenepa. Maumivu ya kinena kwa mtu wa kundi hili yanahitaji picha mapema.

Na la tatu halina mjadala. Mtu amegongwa uwanjani au ameanguka na bodaboda, hawezi kusimama, mguu umefupika na umegeukia ndani. Nyonga imetoka. Kurudishwa kwake kwa kawaida hakuhitaji kupasua, daktari huivuta mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa, lakini ni ndani ya saa chache, sita kwa kadirio la wengi. Mwamerika Bo Jackson, aliyecheza kwa pamoja besiboli na futiboli ya Kimarekani, nyonga yake ilitoka kwenye mechi moja Januari 1991. Damu ikakatika, mfupa ukafa, mwaka 1992 akawekewa nyonga ya bandia. Alirudi kwenye besiboli 1993 na kupiga homurani kwenye zamu yake ya kwanza, ila futiboli iliishia palepale.

Sita kwa sita

Haya, tulifikie na hili, maana hospitali hawaulizi na wagonjwa hawasemi. Nyonga inayouma inavuruga chumbani. Mwanaume anakuwa mkimya, anasingizia uchovu wa kazi. Mwanamke anakubali huku ameuma meno, wiki ya pili anaanza kukwepa. Mwenzi asiyejua anajaza nafasi hiyo kwa hadithi yake mwenyewe: amenichoka, ana mtu. Ndoa changa zimeyumba kwa kidogo kuliko hicho.

Sema. Siyo katikati ya tendo, sema mchana, mkiwa mmevaa. "Nyonga ikikunjwa hivi inaniuma, tukilala hivi haiumi." Mkao unaoleta goti karibu na kifua, au unaotanua mapaja sana, uwekeni kando kwa muda. Kulala ubavu na mto katikati ya magoti huwa ni rahisi kwa wengi, na mwenye nyonga nzima ndiye achukue kazi kubwa. Mto huohuo ubaki pale mnapolala.

Mwenzi pia anaweza kuwa sehemu ya tiba. Kuna zoezi moja la mapaja ya ndani lililopewa jina la Copenhagen, linalotaka watu wawili. Unalala ubavu umeegemea kiwiko, mwenzako anaushika mguu wako wa juu usawa wa kiuno chake, wewe unaunyanyua mwili mpaka mguu wa chini uufikie wa juu, unashuka taratibu. Norway lilijaribiwa kwa timu 35 za mpira wa miguu, na kwenye matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, hatari ya kupata matatizo ya kinena ilipungua kwa asilimia 41 kwa waliolifanya. Si la wiki ya kwanza, misuli ikiwa bado inauma ni zito mno. Anzeni kwa kushika goti badala ya kifundo cha mguu, ni rahisi zaidi.

Kurudi uwanjani

Usirudi kwa kuangalia kalenda tu. Angalia kama unatembea bila kuchechemea, unasimama kwa mguu ulioumia bila kiuno kuporomoka, na unashuka ngazi kwa kujiamini. Ndipo uanze kukimbia dakika moja na kutembea mbili, siku moja ndiyo, siku moja hapana, ukiongeza kidogokidogo. Mbio za kunyooka kwanza, kona na kusimama ghafla baadaye, mashuti ya nguvu mwisho kabisa. Miezi mitatu ya kazi ya kweli ikipita na bado huwezi kuvaa soksi, rudi kwa daktari wa mifupa, na hapo mazungumzo ya upasuaji yana haki ya kuanza.

Bonanza la kwanza, mwambie kocha mapema kwamba utacheza dakika 20 na utatoka, hata kama timu iko nyuma kwa goli moja na wanakuita jina.